Kujifunza Gitaa Mtandaoni: Tafuta Sikio Kwanza

Anayetaka kujifunza gitaa siku hizi hakosi wa kumfundisha. Justin Sandercoe, Mwaustralia anayefanyia kazi zake London, alianza kuweka masomo ya bure mtandaoni mwaka 2003, miaka miwili kabla YouTube haijaanzishwa, na mpaka leo mwenye simu na bando anaweza kumfuata kuanzia namna ya kupakata gitaa hadi mambo ya waliobobea. Nyuma yake wamekuja walimu wasio na idadi, wa kila lugha na kila mtindo. Hata hivyo Andy Mooney, aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni ya magitaa ya Fender, amekuwa akiwaambia waandishi wa habari kwamba takriban asilimia 90 ya wanaoanza gitaa huliacha ndani ya mwaka wa kwanza. Huyo ni mfanyabiashara, tena kampuni yake ilianza kuuza masomo ya mtandaoni mwaka 2017, kwa hiyo tarakimu hiyo ipokee kwa tahadhari. Lakini hata ukiikata nusu, swali liko palepale: ikiwa masomo ni mengi na hayana malipo, mbona magitaa mengi yanaishia juu ya kabati? Jibu langu ni kwamba mtandao unaonyesha, unaeleza na unarudia bila kuchoka, ila haukusikii. Gitaa ni kazi ya mikono inayorekebishwa na sikio, na sikio hilo ndilo usilolipata kwenye video. Ukitaka mtandao ukufae, basi panga mafunzo yako yote kuziba pengo hilo moja.

Pengo lenyewe si la kudhaniwa tu. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Michael Kardas na Ed O'Brien, walichapisha majaribio waliyowafanyia watu kwa kuwaonyesha video za ustadi mbalimbali, kama vile kuchomoa kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo na kurusha vishale. Baadhi walitazama video mara moja, wengine mara ishirini. Waliotazama mara ishirini walikuwa na imani kubwa zaidi kwamba wataweza, lakini walipopewa kazi yenyewe hawakuwazidi wenzao. Ukiyaleta hayo kwenye gitaa utaelewa kwa nini mtu anaweza kumaliza miezi akifuatilia masomo, akajua majina ya kodi zote, akaweza hata kumkosoa mpigaji wa ukumbini, na bado akashindwa kutoka C kwenda F bila kusimama. Macho yamejifunza, vidole bado. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ya muda: ukitazama dakika tano, piga angalau ishirini huku video imefungwa. Usipoweza kulifanya somo bila kulitazama, hujalipata, na kuhamia la pili ni kujilimbikizia deni.

Vifaa visikuchukulie muda mwingi. Gitaa lolote linalokaa kwenye sauti yake linatosha, mradi nyuzi zisiwe zimenyanyuka mno juu ya shingo; zikiwa juu, vidole vitauma bure na utadhani huna kipaji kumbe ni chombo. Mpelekee fundi azishushe. Nyuzi za nailoni ni laini kwa anayeanza, za chuma zina sauti inayokaribia zaidi muziki wetu wa dansi, na maumivu ya ncha za vidole huisha sugu ikishaota. Programu za kutyuni ziko bure kwenye simu. Kitu kimoja ambacho wengi hukidharau ni spika za masikioni: uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutoa mitetemo 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuitoa sauti hiyo. Anayesikiliza kwa spika ya simu anajifunza wimbo ambao nusu yake haisikii, na nusu hiyo, kama tutakavyoona, ndiyo yenye majibu.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Usiufanye mtiririko wa masomo kuwa mtaala wako. Chagua wimbo mmoja uupendao, rekodi moja mahususi, uifanye hiyo ndiyo mtaala, na masomo ya mtandaoni yaje kujibu maswali ambayo rekodi imeyazusha. Sababu ni rahisi. Somo la video halina kipimo cha kukuambia umefaulu. Mwalimu anasema "vizuri sana, tuendelee" hata kama umepiga ovyo, maana hakusikii. Rekodi ni kipimo kikali. Ama sauti yako inafanana na ile, ama haifanani. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu nyingine. Masomo mengi yaliyoko mtandaoni yamejengwa juu ya nyimbo za Marekani na Uingereza, ambako mara nyingi gitaa moja linabeba kodi na sauti ya mwimbaji inakaa juu yake. Dansi ya Tanzania, rumba ya Kongo na benga ya Kenya zimejengwa kwa namna nyingine: solo, ridhimu, mara nyingi solo la pili katikati yake, na besi, kila moja likisema kifungu kifupi kinachopokezana na mwenzake. Sikiliza Les Wanyika katika "Sina Makosa": ondoa ridhimu ya Omar Shabani na besi ya Tom Malanga, na wimbo huo haupo tena, hata kama umebaki na waimbaji na solo la John Ngereza. Muziki wa aina hii una rekodi tele mtandaoni, ila masomo yake ni machache. Tuna maktaba, walimu wa kutupitisha humo ni wachache, na ndiyo maana sikio linatuhusu sisi kuliko kijana wa London.

Tuseme umechagua wimbo. Usianze na solo, hata kama ndilo lililokuvuta. Anza na ridhimu, na ili uipate ridhimu anza na besi. Vaa spika za masikioni, chagua kipande cha sekunde nne au tano kinachojirudia, kipunguze mwendo hadi nusu. YouTube ina kitufe cha mwendo, na programu ya bure ya Audacity kwenye kompyuta hupunguza mwendo bila kushusha sauti. Wapigaji wa zamani waliojifunza kwa santuri hawakuwa na bahati hiyo: aliyeichezesha santuri ya mizunguko 45 kwa mwendo wa 33 alipata wimbo wa polepole, lakini sauti zote zimeshuka kiasi cha nusu toni tano, na ilimbidi azipandishe kichwani. Wewe sikiliza kipande hicho, halafu kabla hujagusa gitaa, kiimbe. Hatua hii watu huiruka kwa aibu, na ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu usichoweza kukiimba hujakisikia bado. Ukishaiimba noti ya besi inayoangukia mwanzo wa kila mzunguko, itafute kwenye uzi wa sita au wa tano. Mara nyingi noti hiyo ndiyo inayotaja jina la kodi. Ikiwa ni C, jaribu kodi ya C juu yake; ikiwa haikai, jaribu A ndogo, na kadhalika. Nyimbo nyingi za dansi na rumba huzunguka kwenye kodi tatu tu, kwa mfano C, F na G, kwa hiyo kazi si ya kubahatisha kama inavyoonekana. Ukishapata mzunguko, uandike kwenye karatasi.

Hapo ndipo utakapogundua kwamba kodi zako ni sahihi na bado hazifanani na rekodi. Ni jambo la kawaida, tena ndipo masomo ya mtandaoni yanapoanza kuwa na faida, kwa sababu sasa una swali. Katika ridhimu ya dansi kazi kubwa ya mkono wa kushoto ni kuachia. Unabana kodi, mkono wa kulia unapita, na papo hapo vidole vinalegea bila kunyanyuka kwenye nyuzi, sauti inakatika ikiwa fupi na kavu. Anayeanza huiacha kodi iendelee kuvuma, inamwagikia kifungu kinachofuata, na wimbo unajaa ukungu. Kingine ni mahali kodi inapokaa. Kodi ya C inaweza kupigwa karibu na kichwa cha gitaa, au juu zaidi shingoni kwa nyuzi tatu nyembamba tu, na wapiga ridhimu wa bendi mara nyingi hukaa huko juu ili wasigongane na besi. Tafuta mtandaoni masomo ya kodi za nyuzi tatu na ya kukata sauti kwa mkono wa kushoto. Mwalimu anaweza kuwa Mbrazili au Mwingereza, haidhuru, maana mkono ni mkono. Wewe unajua unachokitafuta na utajua ukikipata.

Kuna mtego mmoja wa rekodi zetu za zamani ambao unawakatisha tamaa watu bila wao kujua chanzo. Sehemu kubwa ya dansi ya miaka ya 1970 ilirekodiwa kwenye kanda katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingine zilitoka kwenye santuri ndogo. Zimenakiliwa kutoka kanda hadi kanda, kutoka santuri hadi kompyuta, kwa mashine ambazo mwendo wake haukuwa sawasawa. Matokeo yake wimbo unaweza kusikika katikati ya C na C-kali. Unatyuni gitaa lako kwa programu hadi mshale unasimama katikati kabisa, unapiga pamoja na rekodi, na kila kodi inatoa mlio mbaya. Gitaa lako halina kosa, nawe huna. Ama lityuni gitaa kwa kuifuata rekodi yenyewe, ukianza na noti moja ya besi unayoisikia vizuri, ama ipandishe au ishushe rekodi kidogo kwenye Audacity mpaka ikae. Unapofanya kazi hii kwa sikio tayari umejifunza jambo ambalo programu ya kutyuni haifundishi.

Wapo watakaosema siku hizi kuna programu zinazokusikia. Ni kweli, na hoja hii haifai kupuuzwa. Yousician ya Finland, kwa mfano, hutumia kinasa sauti cha simu kutambua noti uliyopiga na kama umeipiga kwa wakati. Kwa mwezi au miwili ya mwanzo ni msaada wa kweli, hasa kwa anayehitaji kusukumwa kila siku. Lakini angalia inasikia nini: noti ipi, na muda upi ukilinganisha na gridi iliyomo ndani yake. Haitakuambia kwamba kifundo chako kimekakamaa, kwamba unabana kwa nguvu mara mbili ya inayohitajika, au kwamba ridhimu yako iko sahihi ila haichezeki. Tena inakusikia kwenye nyimbo zake yenyewe. Vilevile kuna programu za kuchambua wimbo vipande vipande. Kampuni ya Deezer ilitoa Spleeter bure mwaka 2019, na tangu hapo zimezuka nyingi zinazotenga sauti ya mwimbaji, ngoma na besi. Zitumie, hasa kwa kuitoa besi. Ila mpangilio wake wa kawaida hutupa magitaa kwenye fungu la "vinginevyo", na nyingi ya zile zinazotoa gitaa hutoa magitaa yote kwa pamoja. Katika muziki ambao solo na ridhimu zinafumana, kazi ya kuzitenga bado ni yako.

Wengine watauliza kwa nini kujitesa na kusikiliza wakati kurasa zenye namba za nyuzi na vidole zimejaa mtandaoni. Kwa wimbo wa kigeni uliopendwa sana, ukurasa huo utakuokolea saa nzima, wala sikukatazi. Kumbuka tu kwamba nyingi zimeandikwa na wasomaji wenzako, zina makosa, na asiye na sikio hana njia ya kuyajua. Kwa nyimbo za dansi na benga mara nyingi hutaukuta ukurasa wowote. Wenye bando dogo nao wana lalamiko la haki, ila hesabu iko upande wa njia hii: sauti peke yake kwa ubora wa kawaida hula kama MB 1 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nane ni MB 8, na ukishauhifadhi kwenye simu kwa njia halali unausikiliza mwezi mzima bila gharama. Video ya dakika hizohizo hula mara kadhaa zaidi, na kesho utaifungua tena.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wale wanaosema magwiji walijifundisha wenyewe. Mbaraka Mwinshehe hutajwa mara nyingi, na Mwenda wa Bayeke, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" huko Katanga mwaka 1952. Sikatai kwamba hawakukaa darasani. Lakini kutokuwa na mwalimu si kutokuwa na msikilizaji. Mbaraka alipigia Morogoro Jazz Band kwa miaka mingi kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973, na ndani ya bendi hakuna kosa linalojificha: besi anakusikia, mwimbaji anakusikia, wachezaji wakikaa chini umepata taarifa. Kuhusu Mwenda kuna ushahidi mwingine. Upigaji wake, dole gumba likiendesha nyuzi nzito na kidole cha shahada kikijibu juu, umesikilizwa duniani kote kwenye rekodi. Hata hivyo John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza aliyekuwa akiufuatilia muziki huo, hakutosheka na rekodi. Alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta wapigaji wenyewe, na safari hiyo akaiandikia kitabu, "Shaba Diary", kilichotoka mwaka 1982. Rekodi ilimfikisha mbali, lakini kuna jambo alilihitaji kwa mtu aliye hai.

Basi sikio hilo utalipata wapi? La kwanza ni lako mwenyewe, ila si wakati unapopiga. Mtu anapopiga, akili yote imo kwenye vidole na anasikia alichokusudia badala ya alichokitoa. Jirekodi kwa simu sekunde thelathini, weka gitaa chini, subiri hata nusu saa, ndipo usikilize ukibadilishana na rekodi ya asili. Utasikia mwendo unaongezeka kila unapofika kodi rahisi na kupungua kwenye ngumu. Chagua kosa moja, lifanyie kazi kesho, urekodi tena. Sikio la pili liwe la mtu. Si lazima awe bingwa. Mpiga kinanda wa kwaya atasikia mwendo unaoyumba, na mpiga gitaa wa bendi ya mtaani atakuona mkono kwa dakika mbili na kukuambia jambo ambalo video mia zisingekuambia. Mlipe kidogo akuone mara moja au mbili kwa mwezi, mtandao ushike siku zilizobaki. Mgawanyo huo ni nafuu kuliko mwalimu wa kila wiki, na kwa maoni yangu una tija kuliko mwalimu wa kila wiki anayetumia saa nzima kuonyesha kodi ambazo mwanafunzi angeziona bure.

Hapo namgeukia mwalimu, maana mwongozo huu unamhusu yeye pia. Wapo wanaoogopa kwamba mtandao umewanyang'anya kazi. Umewapunguzia sehemu ya kuonyesha, ambayo ilikuwa sehemu nyepesi. Iliyobaki ni kusikiliza na kutambua kosa la mzizi, na hiyo ndiyo ya kutoza pesa. Mwanafunzi wako akiwa mbali, mwambie akutumie video fupi siku moja kabla ya kipindi, aliyoipiga simu ikiwa upande wa kichwa cha gitaa ili uuone mkono wa kushoto kutoka pembeni. Usijaribu kupiga naye pamoja kwenye simu ya video. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Sauti ikichelewa robo sekunde tu kwenda na kurudi, mmeachana nusu pigo, naye atadhani amekosea. Pokezaneni: wewe piga anyamaze, kisha yeye. Programu nyingi za mikutano pia huichukulia sauti ya gitaa kuwa kelele na kuifuta. Ingieni kwenye mipangilio mzime uchujaji huo, la sivyo utamkosoa kwa noti ambazo alizipiga na mashine ikazila. Na katika kila kipindi mtajie kosa moja. Ukimtajia saba atarudi na manane.

Mwanafunzi aliyefikisha miezi michache naye afundishe. Akikaa na mdogo wake au jirani asiyejua hata kutyuni, atalazimika kueleza kwa nini kodi ile inavuma vibaya, na kueleza humfanya asikilize mkono wa mwingine; baada ya hapo anaurudia wake na kusikia mambo aliyokuwa akiyapita. Zaidi ya hapo, wimbo wa magitaa mawili hauwezi kupigwa na mtu mmoja. Ukimfundisha mwenzako ridhimu, umejipatia wa kukushikia wimbo wakati unatafuta solo.

Basi, ndugu msomaji, kama gitaa liko ndani, wiki hii usifungue somo jipya. Tafuta wimbo mmoja, shika sekunde tano za besi yake, ziimbe, zipate kwenye uzi, jenga kodi juu yake. Ikifika Jumamosi jirekodi sekunde thelathini, mtumie mtu mmoja anayejua kupiga, na umwombe akutajie kosa moja.